Rusizi: Mto, Mpaka na Taka za Plastiki

Ateremkaye kutoka Kamembe kwenda mpakani huuona Mto Rusizi pale unapoliacha Ziwa Kivu. Upande huu ni Rwanda, mahali palipojulikana zaidi kwa jina la Cyangugu hata mabadiliko ya utawala ya mwaka 2006. Ng'ambo ni Bukavu, mji wa Kongo. Pande zote mbili Kiswahili husikika sokoni, na tangu 2017 ni miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda.

Zamani swali kubwa juu ya mto huu lilikuwa moja: maji yake yaenda wapi? Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Uvira, wakitumaini kwamba Rusizi watoka katika Ziwa Tanganyika kuelekea Naili. Wenyeji waliwaambia wazi kwamba waingia ziwani. Hata hivyo, ubishi uliendelea huko Ulaya kana kwamba wenyeji hawakusema neno, mpaka Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipofika kwa mtumbwi kutoka Ujiji, wakajionea. Mwaka 1910, katika mkutano wa Brussels, mto ukafanywa mpaka kati ya himaya ya Wajerumani na ya Wabelgiji.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wabelgiji walijenga bwawa la umeme karibu na Mururu, kilometa chache kutoka ziwani. La pili, Ruzizi II, lilikamilika 1989, nalo ni mali ya Rwanda, Burundi na Kongo, iliyoitwa Zaire wakati huo. Hilo la kwanza ndilo shahidi wetu. Bukavu umejengwa juu ya miteremko mikali, na idadi ya watu wake imeongezeka mno, hasa kwa wakimbizi wa vita. Taka zitupwazo makorongoni huchukuliwa na mvua hadi ziwani. Mkondo huzivuta kusini, na bwawa huzizuia. Chupa na mifuko hujikusanya mpaka uso wa maji hauonekani. Zikiziba njia ya maji, mitambo hupungua nguvu au husimama, na umeme hukatika. Wafanyakazi huziopoa kila mara, na wapiga mbizi huzifuata chini.

Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kwa sheria ya mwaka 2008, ikaongeza mwaka 2019 plastiki za kutumiwa mara moja. Kongo nayo ilitoa amri juu ya mifuko mwezi Desemba 2017. Lakini sheria yenye nguvu ukingo mmoja, na legelege ukingo wa pili, haiwezi kuulinda mto. (Wanafunzi wetu huniuliza jina lipi la mfuko huu ni sahihi. Kinyarwanda husema amasashe, kutoka Kifaransa; Watanzania waliuita rambo. Mimi huwaambia "mfuko wa plastiki", ingawa sokoni sitaeleweka upesi.)

Yafaa kusema jambo juu ya upimaji, kwani lundo la bwawani huwadanganya wengi. Kinachoonekana ni kile kieleacho tu. Chupa yenye kizibo huelea. Isiyo na kizibo hujaa maji ikazama, na mfuko uliosheheni matope hulala chini. Kwa hiyo mpimaji hana budi kuchagua kipande cha ufuko chenye urefu uliowekwa, akirudie kila majira, aokote kila kitu, atenge chupa, mifuko, kamba za nyavu na vipande vidogo, ahesabu kisha apime uzito. Hesabu peke yake humpendelea mfuko mwepesi, na uzito peke yake humpendelea dumu. Na kazi hiyo ifanywe kingo zote mbili kwa siku moja, la sivyo kila mji utamnyoshea mwenzake kidole.

Vinavyopita mabwawani huteremka kilometa zaidi ya mia moja hadi uwanda wa Rusizi, kati ya Bujumbura na Uvira. Hapo mto waingia Tanganyika, kama walivyosema watu wa Uvira mwaka 1858.