Daftari la Kaya na Kompyuta Kaidi

Mkula ni kijiji cha wakulima wa mpunga chini ya milima ya Udzungwa, upande wa Ifakara. Katika bonde hili la Kilombero kumhesabu mtu si kazi rahisi: msimu wa kilimo ukifika, familia nyingi huhamia vibanda vya shambani na kukaa huko hadi mavuno.

Sensa moja isingetosha. Mwishoni mwa 1996, kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara, kilichochipuka kutoka maabara ya Waswisi ya miaka ya 1950, kiliandikisha kaya za vijiji 25 vya wilaya za Kilombero na Ulanga. Tangu 1997 wadodosaji walirudi kila baada ya miezi minne: nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama?

Majibu yaliandikwa kwenye daftari la kaya, kisha yakaingizwa kwenye kompyuta, katika programu ya FoxPro iliyotengenezwa kwa msaada wa shirika la Population Council kwa ajili ya kituo cha utafiti cha Navrongo, kaskazini mwa Ghana. Thamani yake ilikuwa ukaidi wake. Tarehe ya kifo haikuruhusiwa kutangulia ya kuzaliwa. Mama ilibidi awe mwanamke. Aliyekwisha kuhama hakuandikwa kuhama tena kabla ya kurejea. Karani wa kuingiza data alipokataliwa na programu, ilibidi arudi kwenye daftari, na pengine mdodosaji arudi kwenye kaya.

Usumbufu huo ulikuwa na sababu nzito. Wakati ule vyandarua vya chapa ya Zuia Mbu vilikuwa vikiuzwa bondeni, na utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2001 ulionyesha kwamba chandarua chenye dawa kiliendana na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wadogo. Hesabu kama hiyo haiwezi kusimama juu ya tarehe za vifo zilizovurugika.

Lakini kanuni za namna hii hukamata mgongano tu. Kichanga aliyefariki bila kutajwa na yeyote hapingani na chochote; ndiyo maana vijijini waliwekwa watoa taarifa wa vizazi na vifo.

Miaka ya 2010 ilileta vishikwambi na mfumo wa OpenHDS, ulioandikwa kwa Java. Humo kanuni hubandikwa juu ya kipengele chenyewe cha data: jina lisiachwe wazi, mtu asiwe mzazi wake mwenyewe. Ikiandikwa hapo mara moja, huenda na kipengele hicho kila kinapotumika, na mtengenezaji programu hana haja ya kuirudia kwenye kila fomu.