Mapigio, si Chumba cha Picha
Limetufikia hapa Takawiri andiko la walimu ambamo jengo la kwanza la kutengenezea filamu limeitwa “chumba cheusi cha picha”. Mfasiri aliliona jina lake la Kiingereza, Black Maria, akakimbilia rangi. Kamati iliyompitishia, nadhani, ilikuwa ikingoja chai.

Jengo lenyewe lilisimamishwa mwaka 1893 na W. K. L. Dickson, kwenye maabara ya Thomas Edison huko West Orange, Marekani. Lilivikwa karatasi ya lami, kweli. Lakini paa lake lilifunguka, na lote lilizungushwa juu ya reli ya mviringo kulifuata jua, maana filamu za siku zile zilitaka mwanga mkali. Mwanika omena wa hapa kisiwani angelielewa upesi kuliko kamati. Jina ni utani wa wafanyakazi: lilifanana na gari la kubebea mahabusu, lile ambalo vijana wetu huliita Mariamu. Na mtengeneza filamu Mfaransa Georges Méliès, aliyejenga lake kwa vioo Montreuil mwaka 1897? Hilo tuliite chumba cheupe?

Neno studio sina ugomvi nalo. Limetoka kwa studium ya Kilatini, yaani bidii ya kujifunza, likawa kwa Waitaliano chumba cha msomi na cha mchoraji, na kwetu likaishia kwa mpiga picha za pasipoti. Ila limebeba mengi mno.

Ninalolitetea ni mapigio. Kutoka chinja tulipata chinjia, kisha machinjio. Kimbilia ikazaa makimbilio. Basi piga, pigia, mapigio: mahali picha zinapopigwa, pawe na kuta au pasiwe. Mwaka 1935 hadi 1937, watengenezaji filamu Notcutt na Latham walikuwa na makao yao Vugiri, Usambara, Tanganyika, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani, wakitengeneza filamu za milimita 16 zenye sauti ya sahani za santuri. Moja ilihusu mashamba ya wakulima Kingolwira. Mashamba hayo mtayaingiza katika chumba gani?

Bingwa mmoja wa istilahi alinijibu, kwa barua ya mistari miwili, kwamba mapigio yananuka ngumi. Basi na mpiga pasi ashtakiwe kwa shambulio.

Matumizi: mapigio ya filamu, mapigio ya matangazo, ngeli ya ya-ya, kama machinjio.