Skrubu ya Ardhini na Udongo wa Mbuga



Leo mazungumzo yetu ni juu ya nguzo: nguzo ya uzio, nguzo ya banda la mbuzi, nguzo za kubebea vibao vya umeme wa jua vinavyoendesha pampu ya bustani. Mtu anaweza kusema, "Nguzo nayo ina historia?" Inayo, tena ndefu, na ndani yake kuna somo linaloweza kuokoa fedha zako za pamba.

Tuanzie Malampaka, wilayani Maswa, mkoani Simiyu. Mkulima wa huko akiuza pamba yake huweza kununua mifuko ya saruji, akasomba mchanga na kokoto kwa mkokoteni wa ng'ombe, akamwaga zege kuzunguka nguzo zake. Kazi imekwisha, roho imetulia. Lakini misimu miwili mitatu ya mvua ikipita, nguzo imeinama, na zege limeinuka juu kama jino linalotaka kung'oka. Hapo ndipo maneno huanza: fundi kaiba saruji! Pengine hakuiba hata kijiko. Mkorofi ni udongo wenyewe.

Udongo mweusi wa mbuga ni mfinyanzi wa aina yake. Ukinywa maji huvimba, ukikauka hujikunja na kupasuka. Kiangazi kikikolea, ufa wa mbuga humeza mkono wa mtu mzima. Mvua ikirudi, ufa hufumba, na udongo husukuma kila kitu kilichomo, pembeni na juu. Zege fupi lenye ubavu mpana hukamatwa na kunyanyuliwa. Kiangazi kikirudi, vumbi na mabonge yamekwisha kuingia chini yake, kwa hiyo halishuki pale lilipokuwa. Mwaka hata mwaka, linapanda kidogo kidogo.

Wazee wa Usukuma waliyajua haya zamani. Waliugawa udongo kwa majina: luseni, ule wa kichanga ulio karibu na vilima vya mawe; kikungu, ule mwekundu; itogolo, ule mgumu wa kijivu; na chini kabisa bondeni, mbuga. Nyumba zilikaa juu, karibu na mawe. Mbuga ilikuwa ya kulima na kulisha. Boma nalo lilizungushiwa minyaa, nguzo iliyo hai, ambayo udongo ukihama nayo inahama na mizizi yake, haivunjiki.

Miaka ya 1930 mtaalamu mmoja wa udongo, Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, aliona jinsi aina za udongo zinavyofuatana kutoka kilimani hadi bondeni. Mwaka 1935 akaupa mfuatano huo jina lenye maana ya mnyororo. Neno "mbuga" nalo likaingia katika vitabu vya wataalamu. Yaani alichokijua mzee kwa jembe, mtaalamu alikiandika kwa kalamu.

Basi ilikuwaje tukajenga mbugani? Mambo yalibadilika. Reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza, inayopita Malampaka, ilikamilika mwaka 1928, na watu wakavutwa na stesheni na biashara ya pamba. Miaka ya 1970, katika operesheni ya kuhamia vijijini, mistari mingi ya nyumba ilifuata barabara, na si kila mara ilifuata aina ya udongo. Siku hizi nako kuna mabomba, vibao vya jua na uzio wa waya, navyo vinatakiwa pale palipo bustani, yaani bondeni.

Sasa tuondoke kidogo Usukuma, twende kwa watu wengine waliosumbuliwa na ardhi isiyotulia. Huko Belfast, Ireland, aliishi Alexander Mitchell, aliyezaliwa mwaka 1780. Alikuwa mfyatua matofali, na tangu ujanani alikuwa amepoteza macho. Shida iliyomshughulisha ilikuwa hii: utasimamishaje mnara wa taa ya kuongozea meli juu ya mchanga na tope la baharini? Ukiweka jiwe, linadidimia. Ukipigilia gogo, mawimbi yanaling'oa. Mwaka 1833 Mitchell alipata hati ya uvumbuzi wake: mti wa chuma wenye bawa pana chini, lililojipinda kama uzi wa skrubu. Ukiuzungusha, unajichimbia wenyewe. Ukiuvuta juu, bawa linakuwa limekaliwa na mzigo wote wa udongo ulio juu yake.

Mwaka 1838 miti 9 ya namna hiyo ilikazwa katika mchanga wa Maplin, kwenye mdomo wa mto Thames, Uingereza. Bawa la kila mti lilikuwa na upana wa mita 1.2 hivi. Hapakuwa na mashine; watu walizunguka wakisukuma mikono ya gurudumu, kama ng'ombe kwenye kinu cha kukamulia mafuta. Mnara mwingine wa aina hiyo, karibu na Fleetwood, uliwashwa taa mwaka 1840, hata kabla ya ule wa Maplin uliowashwa mwaka 1841.

Kutoka hapo skrubu ilisafiri. Ilijenga magati, na katika miaka ya 1860 ilibeba madaraja ya reli huko India magharibi. Lakini huko nako ilipata funzo. Daraja la mto Narmada, karibu na Bharuch, lilisimama juu ya miti ya skrubu, na mafuriko yakaliharibu mara kwa mara, hadi likajengwa jingine lililofunguliwa mwaka 1881. Sababu ni rahisi: skrubu hushikwa na udongo. Maji yakiuchukua udongo, skrubu haina mshikaji. Baadaye kampuni za simu na umeme zilitumia nanga za kukazwa ardhini kuvutia waya za nguzo, na leo zinashikilia uzio, vivuli vya miche na vibao vya jua katika nchi nyingi.

Ndugu mkulima, umeona siri ilipo? Siri haimo katika chuma wala katika zege. Siri ni kushika ardhi isiyohama, iliyo chini ya ile inayohama. Mti wa skrubu ni mwembamba juu, kwa hiyo udongo unaovimba haupati ubavu mkubwa wa kuunyanyua. Bawa lake liko chini, penye utulivu. Tena unaweza kubebeshwa mzigo siku hiyo hiyo, wakati zege huhitaji kumwagiwa maji na kungojewa, na nguvu zake huhesabiwa baada ya siku 28.

Lakini usikimbilie dukani wala kwa fundi wa kuchomelea kabla hujafanya haya.

Kwanza, chimba shimo la kupimia wakati wa kiangazi kikali, uone nyufa zinafika wapi. Mara nyingi mbugani hupita mita 1. Bawa lazima likae chini ya hapo. Skrubu fupi itainuliwa kama zege fupi, na hasara ni ile ile.

Pili, kaza wakati udongo una unyevu kiasi, mtaimbo ukipitishwa kwenye tundu la juu na watu wawili wakizunguka pamoja, mti ukiwa wima. Kadiri unavyoshuka, kazi iwe ngumu zaidi. Ukizunguka kirahisi kama mwiko katika uji, hapo hapana mshiko. Usiurudishe nyuma ili kusawazisha urefu, maana utakuwa umelegeza udongo ulioubana.

Tatu, angalia mawe. Penye luseni juu ya mwamba, skrubu haipiti. Huko zege au mawe ya kupanga ni bora.

Nne, kutu. Udongo wenye chumvi au magadi unakula chuma. Tumia chuma kilichopakwa zinki, au ukipake lami vizuri.

Tano, usiweke penye mkondo wa maji ya mvua. Kumbuka mto Narmada.

Na kama fedha haipo? Chimba shimo la kina hicho hicho, laza jiwe refu chini likiwa limefungwa waya mnene, kisha rudisha udongo ukiushindilia tabaka kwa tabaka. Hiyo nayo ni nanga, na inafaa sana kuvutia nguzo ya kona, ambayo ndiyo inayobeba mvuto wa waya wote. Usitumie gogo, mchwa watakuaibisha.

Onyo la mwisho: haya ni ya uzio, banda na vivuli. Nyumba ya kulala watu au tenki kubwa la maji mbugani vinahitaji mhandisi aupime udongo kwanza.

Wazee walijenga juu, wakaiachia mbuga nafasi yake. Sisi tunaolazimika kushuka bondeni, tushuke na akili ile ile: tuulize udongo kwanza, ndipo tufungue mfuko wa fedha.