Kapteni aliyesusiwa hadi akawa neno

Kapteni Charles Cunningham Boycott hakuwa mwenye mashamba. Alikuwa msimamizi tu, Mwingereza aliyemkusanyia Lord Erne kodi ya mashamba huko Lough Mask, Mayo, magharibi mwa Ireland. Mwaka 1880, baada ya misimu mibaya ya mavuno, wakulima waliomba kodi ipunguzwe kwa asilimia 25. Lord Erne akakubali 10. Septemba hati za kuwafukuza wasiolipa zikaanza kupelekwa majumbani, na wanawake wakampopoa tarishi kwa mawe na samadi.

Mwezi huohuo, tarehe 19, mwanasiasa Charles Stewart Parnell alikuwa amehutubia mjini Ennis. Mtu akichukua shamba la jirani aliyefukuzwa, alisema, msimpige. Msimsemeshe, iwe njiani, dukani au kanisani. Kule Mayo, silaha hiyo akageuziwa msimamizi.

Watumishi wakaondoka, vibarua nao wakaacha mazao shambani. Mfua chuma akakataa kazi yake, dobi vivyo hivyo, na wenye maduka ya Ballinrobe wakagoma kumuuzia chakula. Mwandishi wa Marekani, James Redpath, alisimulia kuwa yeye na padri wa hapo, John O'Malley, walitafuta namna ya kuuita mtindo huo. Lilikuwapo neno la kisomi lenye asili ya Kigiriki, lakini padri aliona wakulima wasingelielewa. Akapendekeza jina la jirani yao mwenyewe liwe kitenzi. Padri alilijua sikio la waumini wake.

Serikali ilizidi kumtangaza bila kukusudia. Wavunaji 50 wa kujitolea waliletwa kutoka Cavan na Monaghan, wakilindwa na askari wapatao 1,000. Gharama zilikadiriwa kufikia pauni 10,000, kwa mazao ya kama pauni 500. Kila kiazi kilivunwa kwa bei ya dhahabu, na waandishi wa habari walikuwapo kuhesabu. Desemba 1 Boycott aliondoka Ireland, lakini jina lake lilikwisha kuingia magazetini likiwa kitenzi, na muda si mrefu Wafaransa, Wajerumani na Warusi nao wakalichukua.

Sisi tunasema kususia au kugomea, bila kuazima chochote kwa kapteni. Hata hivyo, tarehe 26 Juni 1959, Julius Nyerere alisimama London katika mkutano wa kuwataka Waingereza wasinunue bidhaa za Afrika Kusini. Harakati zilizozaliwa siku hiyo zilijiita Boycott Movement, na mwaka uliofuata zikawa Anti-Apartheid Movement.