Kujinyima sukari hakuui saratani, ila lishe na mazoezi vina nafasi yake

BAADHI ya wagonjwa wa saratani huacha sukari, na wengine hata mlo wenyewe, wakiamini kwamba uvimbe utakufa njaa. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, lakini yaweza kumponza mgonjwa.

Chembe hiyo ilitokana na mwanasayansi Mjerumani, Otto Warburg, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1931. Katika miaka ya 1920, aligundua kwamba seli za saratani hutumia glukosi, yaani sukari ya damu, kwa wingi kuliko seli nyingi za kawaida. Hata leo, mgonjwa anayepimwa kwa mashine ya PET hudungwa glukosi yenye mnururisho kidogo, nayo hujikusanya penye uvimbe na kuuonyesha.

Hata hivyo, kuacha sukari hakuzinyimi seli hizo chakula. Ini huhakikisha kwamba damu haikosi glukosi, hata kwa kuitengeneza kutokana na protini za misuli. Isitoshe, seli za saratani huweza pia kutumia mafuta na protini. Anayejinyima chakula hukonda na kupoteza nguvu anazohitaji ili kustahimili matibabu.

Lishe huathiri saratani kwa njia nyingine. Unene wa kupindukia huufanya mwili utoe insulini nyingi, na homoni hii huzichochea seli kukua na kugawanyika. Mafuta ya mwilini nayo hutengeneza estrojeni, ambayo huchochea baadhi ya saratani za matiti, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi. Mwaka wa 2016, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilihusisha unene na aina 13 za saratani, zikiwemo za utumbo mpana, ini na figo. Mwaka mmoja awali, shirika hilo lilitangaza kwamba nyama zilizosindikwa, kama vile soseji, husababisha saratani ya utumbo mpana.

Mazoezi nayo hupunguza insulini, kwa kuwa misuli inayofanya kazi huchota glukosi kutoka kwa damu. Matokeo ya utafiti uliohusisha wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana yalitolewa mwaka wa 2025. Miaka mitano baadaye, asilimia 80 ya waliowekwa katika mpango wa mazoezi wa miaka mitatu walikuwa hai bila saratani, ikilinganishwa na asilimia 74 ya waliopewa vijitabu vya ushauri pekee.

Ikumbukwe kwamba wagonjwa hao wote walikuwa wamefanyiwa upasuaji na kupewa dawa za kemotherapi kwanza. Mazoezi yaliongezwa juu ya tiba. Hayakuchukua nafasi yake.

Kwa hivyo, aliye mzima na ale mboga, maharagwe na matunda kwa wingi, na atembee kwa kasi angalau dakika 150 kwa wiki. Mgonjwa naye asibadilishe mlo wake kabla ya kushauriana na daktari anayemtibu.