Kisanduku cha Huduma ya Kwanza Kilizaliwa Darasani

Mwaka 1878, katika ukumbi wa shule ya Kipresbiteri mjini Woolwich, kando ya mto Thames, daktari wa jeshi la Uingereza aitwaye Peter Shepherd alianza kuwafundisha raia wa kawaida mambo ambayo hadi wakati huo yalihesabiwa kuwa kazi ya matabibu: kuzuia damu, kutuliza mfupa uliovunjika, kumbeba majeruhi bila kumzidishia maumivu. Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa Kanali Francis Duncan, na nyuma yao kulikuwa na chama cha St John Ambulance kilichoanzishwa mwaka uliotangulia. Mwaka huo wa 1878 haujaisha, tarehe 3 Septemba, meli ya matembezi iitwayo Princess Alice iligongana na meli ya makaa ya mawe karibu na Woolwich, ikazama. Watu zaidi ya 600 walikufa. Wanafunzi wa Shepherd walijikuta wakifanyia kazi masomo yao mapema kuliko mtu yeyote alivyotazamia.

Shepherd mwenyewe hakuishi kuyaona matunda yake. Januari 1879 aliuawa Isandlwana, Waingereza walipoivamia nchi ya Wazulu wakapigwa vibaya. Kilichobaki ni kijitabu chake cha mafunzo, na wazo kwamba mtu wa kwanza kumfikia majeruhi karibu kila mara si daktari, kwa hiyo yeye ndiye anayepaswa kufundishwa.

Nimeanza na Woolwich makusudi. Siku hizi tukitaja huduma ya kwanza, wengi huona akilini sanduku jeupe lenye msalaba mwekundu, kitu cha kununua dukani na kutundika ukutani. (Msalaba huo, kwa kweli, unalindwa na Mikataba ya Geneva na haufai kupakwa kwenye kila sanduku, alama inayotumika ni msalaba mweupe juu ya kijani.) Vifaa na maarifa vilikua pamoja kama mapacha. Sisi tumemchukua pacha mmoja na kumwacha mwenzake mlangoni, na ninaona hilo linatugharimu maisha ya watu.

Ushahidi mzuri kuliko wote ni kipande cha kitambaa. Friedrich von Esmarch, daktari wa upasuaji wa mji wa Kiel, Ujerumani, alikuwa ameona vitani askari wakifa kwa majeraha ambayo mwenzao wa kando angeweza kuyafunga. Mwaka 1869 alitoa kijitabu kuhusu bandeji ya kwanza katika uwanja wa vita, na akaeneza matumizi ya kitambaa cha pembetatu kilichochapishwa michoro: mtu amefungwa kichwa, mwingine bega, mwingine goti, mwingine mkono umening'inizwa shingoni. Askari asiyejua kusoma aliweza kukitazama na kuiga. Somo lilikuwa limeandikwa juu ya dawa yenyewe. Mwaka 1881 Esmarch alikwenda London kwenye mkutano wa madaktari, akaona kazi ya St John, na alipofika kwao akafungua shule ya raia mwaka 1882. Baadhi ya madaktari wenzake walimpinga wakihofia kwamba anatengeneza waganga wa uongo. Hakuwasikiliza. Mihadhara yake ilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka huo huo na binti wa Malkia Victoria.

Kitambaa kile hakina siri. Kanga safi iliyokunjwa pembetatu huubeba mkono uliovunjika vizuri vilevile, na hakuna nyumba ya pwani inayokosa kanga.

Sanduku lenyewe lilitoka kwenye reli. Nchini Marekani, ujenzi wa njia za treni ulikuwa ukikata watu vidole, mikono na miguu mahali palipokuwa mbali na hospitali yoyote. Kampuni ya Johnson & Johnson, iliyoanzishwa mwaka 1886, husimulia kwamba mmoja wa waanzilishi wake, Robert Wood Johnson, alizungumza safarini na daktari mkuu wa kampuni moja ya reli huko Colorado, na kutokana na mazungumzo hayo masanduku ya kwanza ya kuuzwa yalitoka mwaka 1888. Yasingekuwa na maana miaka 30 nyuma. Kwanza ilibidi daktari wa upasuaji Joseph Lister, kule Glasgow kuanzia mwaka 1865, aonyeshe kwamba jeraha linalosafishwa na kufungwa kwa kitambaa kilicholoweshwa asidi ya kaboliki haliozi kama mengine. Kabla ya hapo bandeji chafu iliweza kumuua yule yule ambaye ilikusudiwa kumwokoa.

Jikoni sanduku liliingia kwa mlango mdogo. Mwaka 1920 Earle Dickson, mfanyakazi wa kampuni hiyo hiyo aliyehusika na ununuzi wa pamba, alichoka kumwona mkewe Josephine akijikata na kujiunguza vidole. Akabandika vipande vya shashi katikati ya utepe wa plasta ili mkewe aweze kujifunga peke yake. Plasta hiyo haikununuliwa sana mwanzoni, hadi ilipogawiwa bure kwa maskauti.

Tangu hapo vitu vingi vimetolewa sandukuni. Mapema karne ya 20 Wazungu waliosafiri nchi za joto walibeba kisu kidogo chenye unga wa pamanganeti, wakiamini kwamba ukichanja mahali nyoka alipouma na kupaka unga ule sumu inakufa. Kilileta vidonda tu. Mkanda wa kukaza mguu au mkono ili kuzuia damu ulikatazwa kwa miaka mingi, kisha vita vya Irak na Afghanistan vikaurudisha, na tangu mwaka 2015 kampeni maalumu nchini Marekani imekuwa ikiwafundisha raia kuutumia. Nyumbani kwetu bado tunapaka dawa ya meno au samli mahali moto ulipounguza, ilhali tiba inayokubalika ni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20.

Magari yalikuja na hatari mpya. Ujerumani ilifanya sanduku kuwa sharti la kila gari, na vilivyomo vimepangwa na kiwango cha taifa kiitwacho DIN 13164. Mwaka 2022 ziliongezwa barakoa mbili. Kitambaa cha Esmarch kingalimo. Ninachokiheshimu zaidi ni kwamba huko huwezi kupata leseni ya udereva bila kwanza kuhudhuria mafunzo ya huduma ya kwanza.

Duniani watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, na ajali hizo ndizo chanzo kikuu cha vifo vya walio kati ya miaka 5 na 29. Barabarani kwetu wa kwanza kufika ni dereva wa bodaboda, muuza mahindi, abiria wa basi lililofuata. Kampala walilitambua hilo: utafiti uliochapishwa mwaka 2009 unaeleza jinsi polisi, madereva wa teksi na viongozi wa mitaa zaidi ya 300 walivyofunzwa kwa siku moja na kupewa vifaa, na miezi sita baadaye wengi mno kati yao walikuwa wameshautumia ujuzi huo. Siku moja tu ya mafunzo! Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania kipo kisheria tangu mwaka 1962, cha Kenya tangu mwaka 1965, na vyote hufundisha.

Kwa nyumba na gari, weka glavu, shashi iliyofungwa vizuri, bandeji za kuzungusha, kitambaa cha pembetatu, plasta, mkasi na tochi. Nyumbani ongeza chumvichumvi za kunywa mtu anapoharisha. Garini usiache sanduku juu ya dashibodi, kwa sababu jua huyeyusha gundi ya plasta. Liweke chini ya kiti, mahali ambapo mkono unafika hata buti likiwa limebonyea. Ndani yake tia karatasi yenye nambari: Tanzania 112 kwa polisi na 114 kwa Zimamoto na Uokoaji, Kenya 999 au 112, na 1199 kwa Msalaba Mwekundu.