Jeni ya sumu inayohama: Siri ya bakteria wa botulizimu

BOTULIZIMU ni ugonjwa adimu, lakini ni miongoni mwa maradhi ya chakula yanayohofiwa mno duniani. Mgonjwa huanza kuona kitu kimoja kama viwili, ulimi huwa mzito na kumeza humshinda. Hatimaye misuli hulegea, ikiwemo ile ya kupumua.

Nchini Kenya, mkurupuko wa ugonjwa huo uliotokana na kula kumbikumbi uliripotiwa katika jarida la British Medical Journal mwaka wa 1980.

Chanzo chake ni sumu ya bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Alitambuliwa na mwanasayansi wa Ubelgiji, Emile van Ermengem, baada ya wanamuziki waliotumbuiza katika mazishi kijijini Ellezelles, Desemba 1895, kula nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi. Watatu walifariki.

Kwa muda mrefu jina hilo lilichukuliwa kuwa la kiumbe mmoja. Hata hivyo, uchunguzi wa jeni umebainisha kuwa linajumuisha makundi manne ya bakteria wanaotofautiana sana kinasaba. Kinachowaunganisha ni jeni ya kutengeneza sumu hiyo.

Sumu yenyewe ina aina saba kuu, A hadi G. Aina za A, B, E na, kwa nadra, F ndizo huwadhuru binadamu, ilhali C na D huathiri zaidi ndege na mifugo. Zote hukata protini ambazo neva huzihitaji ili kuiamuru misuli ikaze.

Mwaka wa 2007, watafiti wa taasisi ya Sanger, Uingereza, na wenzao walichapisha ramani kamili ya jeni za bakteria wa aina A. Kromosomu yake ina herufi za kinasaba zipatazo milioni 3.9 na jeni takriban 3,650.

Jeni ya sumu ni moja tu kati ya hizo, lakini haiishi peke yake. Jirani zake hutoa protini zinazoikinga sumu dhidi ya asidi ya tumbo, na nyingine, botR, huchochea utengenezaji wake.

Katika aina za C na D, jeni hiyo hubebwa na virusi vinavyoambukiza bakteria. Majaribio ya miaka ya 1970 yalionyesha kwamba bakteria akipoteza virusi hivyo, hupoteza sumu. Akiambukizwa tena, sumu hurejea. Katika aina ya G, jeni hukaa kwenye plasmidi, kipande kidogo cha DNA kilicho nje ya kromosomu.

Kwa sababu hiyo, sumu hii imepatikana hata kwa bakteria wa majina mengine. Clostridium butyricum mwenye sumu ya E na Clostridium baratii mwenye sumu ya F wamewahi kuwaugua watoto wachanga. Kwa upande mwingine, baadhi ya bakteria wa aina A hubeba jeni ya B iliyolala, isiyotoa sumu yoyote.

Ndiposa maabara haiwezi kutegemea jina la bakteria pekee, wala kuwepo kwa jeni pekee. Sharti sumu yenyewe ithibitishwe, kwani dawa ya kuizima hulingana na aina yake.

Suala hilo lilizua wasiwasi mwaka wa 2013, watafiti wa California, Marekani, walipotangaza sumu mpya waliyoiita H. Mpangilio wa jeni yake ulifichwa kwanza kwa hofu ya kutumiwa vibaya. Baadaye ilibainika kuwa ni mseto wa F na A, na kwamba dawa ya aina A huizima.

Mbegu sugu za bakteria huyu, ziitwazo spora, hustahimili maji yanayochemka. Viwanda vya vyakula vya mikebe hulazimika kutumia joto la nyuzi 121 kwa dakika tatu. Sumu nayo ni dhaifu mbele ya moto: huharibika chakula kikipashwa joto la zaidi ya nyuzi 85 kwa dakika tano au zaidi.

Mkebe uliofura haufai kufunguliwa wala kuonjwa, na mtoto asiyetimiza mwaka mmoja hapaswi kupewa asali, kwani spora zinaweza kuota tumboni mwake. Anayeonyesha dalili hizo apelekwe hospitalini mara moja.